Kayaki, Mtepe na Maji Yasiyo na Chumvi



Dada yetu mmoja aliyehama Mombasa na jamaa yake, na sasa anaishi mtaa wa Migosi, Kisumu, ametuuliza kuhusu mwanawe wa miaka 15. Vijana wenziwe wataka kwenda Dunga likizo hii wakapige kafi katika kayaki. Kijana asema hana la kuhofia, kwani ni mzaliwa wa pwani na kuogelea amejifunza baharini. Je, amruhusu?

Kayaki kwa asili yake si chombo cha mchezo. Walioibuni ni Wainuiti wa Greenland na pande za kaskazini za Kanada na Alaska, nchi ambazo miti ni adimu. Waliokota magogo yaliyoletwa na mawimbi, au mifupa ya nyangumi, wakaunda mbavu na kuzivika ngozi za sili zilizoshonwa zisipenye maji. Mwindaji aliketi ndani, miguu mbele, amefungwa ngozi kiunoni, na chombo kikipinduka aliweza kujiinua kwa kafi yake bila kutoka. Wazungu waliichukua kwa starehe katika karne ya 19, na mwaka 1936 ikaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin.

Sisi tuliokulia kwenye mahori na ngalawa hatuna haja ya kuiona ngeni. Wahenga wetu wa Lamu waliunda mtepe, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Na katika ziwa hili, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, mitumbwi mirefu ya Sese nayo ilishonwa kwa nyuzi za mimea. Sisemi mmoja umezaliwa na mwingine. Wenye haja moja huweza kufikia hila moja. Siku hizi mashua za umbo hilo hupigwa misumari na kutiwa injini, na ndizo riziki ya wavuvi wa Dunga. Tunakumbuka katika Surat al-Kahf habari ya jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Basi kijana ajue kwamba pale anapotembea yeye, wengine wamo kazini, na asipite juu ya nyavu zao.

Ama hoja yake ya kuwa mzaliwa wa pwani, hiyo hasa ndiyo inayonitia hofu. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, nayo humwinua mtu zaidi. Aliyezoea kuelea kwa wepesi Nyali atajikuta amezama kidogo zaidi ziwani, na atachoka mapema. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa kumfunza saa zake. Mwenye kulitawala ni upepo. Asubuhi maji hutulia, mchana upepo wa ziwani huamka na mawimbi mafupi hufuatana bila kumpa mtu pumzi. Upepo huo huo huyasukuma magugu maji, visiwa vizima vya majani, hata ghuba iliyokuwa wazi ikafungika. Ndani ya magugu hapigi kafi mtu wala haogelei. Na kiboko hana subira na chombo kilicho baina yake na maji ya kina.

Kwa hiyo, dada yetu, mruhusu, lakini aende asubuhi na arejee kabla ya adhuhuri, pamoja na mtu mzima mwenyeji wa ufuo ule. Jaketi la kuokolea alivae na kulifunga tangu nchi kavu. Lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Wavuvi wengi hawavai, nawe usikubali wawe hoja. Kama dada zake wanatamani, wafunzwe nao kuogelea, kwa sitara na mwalimu wa kike, kwani maji hayachagui.

Limebaki la kichocho. Konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, pale pale kayaki zinaposhushwa, na vijidudu hupenya ngozi bila maumivu. Kijana akaushwe kwa taulo mara atokapo, kisha apelekwe kupimwa baada ya miezi miwili hivi. Kipimo kikifanywa wiki ya kwanza, mayai huwa hayajaonekana bado.