Wasia wa Bibi na Umeme wa Nyeri

Juma lililopita tulikuwa Nyeri, kwa jamaa zetu wa Majengo. Binti yetu alikuwa akichapa wasia wa bibi yake mgonjwa: madeni yake na amana za watu. Mvua ya mlimani ikanyesha, umeme ukakatika, na kurasa tatu hazijahifadhiwa. Mtoto akalia.

Umeme uliporudi tulimwambia aifungue tena Word. Upande wa kushoto ukatokea waraka uliookolewa. Programu hiyo, isipobadilishwa, huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Kwa hiyo yalipotea maneno ya dakika za mwisho tu. Bibi akayarudia.

Enyi kina mama na mabinti, ingieni katika mipangilio ya programu, sehemu ya kuhifadhi, mzipunguze dakika hizo ziwe 2. Kila mmalizapo aya, bonyezeni Ctrl na S pamoja. Na waraka ukishaokolewa, uhifadhiwe papo hapo, kwani nakala ile ni ya muda tu, haidumu.

Safari hii bibi alikuwapo, akayarudia yaliyopotea. Deni la mtu lisiachwe kutegemea bahati hiyo.