Kitasa cha mlango wa gari: ulipe au uishi nacho?

Mwulize mwenye gari yeyote hapa Nairobi kama milango yake yote minne inafunga kwa rimoti. Atasita kidogo kabla ya kujibu. Wa nyuma kushoto "una maneno". Wa dereva unafunga lakini haufungui. Wa abiria lazima uusukume kwa goti. Tumezoea. Magari yetu mengi yalikuja hapa yakiwa mitumba kutoka Japani, sheria inayakubali kuingia mpaka umri wa miaka minane, kisha sisi tunayaendesha miaka mingine kumi na kuendelea. Kitu chenye gia za plastiki hakiwezi kuvumilia hayo yote bila kulalamika.

Hoja yangu leo ni kwamba hesabu tunayofanya wakati wa kuamua kama kitasa kitengenezwe ni mbovu. Tunachukua bei aliyotaja fundi, tunaiweka kando ya thamani ya gari, halafu tunasema "aa, si kwa gari hili kuukuu". Mimi ni mtu wa programu, na kazini hatupangi hitilafu kwa bei ya kuirekebisha peke yake. Swali la kwanza huwa: kitu hiki kikiharibika, kinaharibika vipi? Kinapiga kelele au kinanyamaza?

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana ndani ya mlango kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna kitasa, yaani kile chuma kinachouma na kushika mlango unapoubamiza. Halafu kuna kamota ka umeme kenye gia za plastiki, kazi yake ni kusukuma kitasa kwenye hali ya kufungwa au kufunguliwa unapobonyeza rimoti. Chuma hudumu sana. Kinachokufa kwa kawaida ni kamota: brashi zake huchakaa, au meno ya gia huvunjika. Ukifungua ile boksi ya plastiki katika magari mengi ya Kijapani utakuta mota ya aina ya FC-280, ile ya kampuni ya Mabuchi, au nakala yake. Ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Shida ni kwamba watengenezaji wa magari huunganisha kitasa na mota kuwa kitu kimoja, kwa hiyo dukani unauziwa vyote kwa pamoja hata kama kilichokufa ni kile kidogo.

Mimi nilitajiwa shilingi 14,000 kwa mlango wa nyuma wa kushoto. "Mkubwa, hii hatufungui, tunaweka nzima," fundi akasema, na hata hakuniangalia usoni. Elfu kumi na nne kwangu si pesa ya kuchezea. Kuna mdogo wangu yuko sekondari na karo yake inapitia mfukoni mwangu. Lakini mlango huo pia ndio wa mama yangu. Jumapili hukaa nyuma kushoto ili ashuke upande wa ukingo wa barabara, asishukie kwenye magari yanayopita. Kwa hiyo sikuweza kusema tu "ni mlango wa nyuma, nani anaujali".

Haya, turudi kwenye swali la namna ya kuharibika. Kuna mlango ambao hausikii rimoti kabisa, lakini ukiubonyeza kwa mkono unafunga sawasawa, na ukivuta mkono wa ndani unafunguka. Huo mimi nasema ishi nao. Unapotoka unaubonyeza, sekunde mbili, umeondoka. Onyo langu ni moja tu: njia hiyo ya mkato iko kichwani mwako, haijaandikwa popote. Siku utakapomwazima shemeji gari, hajui. Yeye atabonyeza rimoti, ataona taa zimewaka, ataingia dukani.

Hizo taa ndizo zinazonikera kuliko vyote. Katika magari mengi, taa zikiwaka mara moja zinakuambia kwamba amri ya kufunga imetumwa. Hazikuambii kwamba kila mlango umefunga. Hakuna aliyeenda kumwuliza mlango wa nyuma kama kweli alitii. Kama umewahi kuandika programu unaijua aina hii ya uovu: kazi inarudisha jibu la "sawa" bila kuangalia kama faili imehifadhiwa. Hitilafu inayopiga kelele hunisumbua asubuhi, lakini inayosema "sawa" hunisumbua baada ya miezi mitatu, mteja akiwa kwenye simu.

Kwa hiyo mlango unaofunga leo, kesho haufungi, keshokutwa unafunga, huo ndio wa kulipia. Usiofunga kabisa umeshakufundisha kuubonyeza. Unaobahatisha unakufundisha kuuamini, halafu siku moja unaacha kipakatalishi kwenye kiti cha nyuma huku umeegesha mjini. Sitaki kusikia kwamba gari lenyewe lina thamani ndogo. Kilichomo ndani ni kazi yangu ya miezi sita, na tarakilishi ya mteja haijui kwamba gari langu limeshuka bei. Na hata ukiwa ndani ya gari, msongamano wa jioni unajulikana: mtu anapita kati ya magari, anajaribu mkono wa mlango, mkoba umeenda. Yeye haulizi gari ni la mwaka gani.

Aina ya tatu ni mlango usiofunguka kwa ndani. Hapo hakuna hesabu. Likitokea la kutokea, ajali au moto, mama yangu hawezi kuruka viti atokee mlango wa mbele. Tengeneza wiki hiyo hiyo. (Lakini kabla hujamwita mtu yeyote, fungua mlango huo kwa nje uangalie ubavuni mwake. Kuna kiswichi kidogo cha kuzuia watoto wasifungue mlango. Mtoto au mwosha magari akikigusa, mlango hautafunguka kwa ndani, na wapo mafundi watakaokutoza pesa nzuri kukirudisha kwa ukucha.)

Kutafuta chanzo hakuhitaji digrii. Milango yote ikigoma kwa rimoti lakini swichi ya mlango wa dereva inafanya kazi, badilisha betri ya rimoti, ile ya duara kama sarafu. Yote ikigoma kwa rimoti na kwa swichi pia, anza na fyuzi. Ukigoma mmoja tu, nyamaza, bonyeza, sikiliza. Ukisikia mota ikizunguka bila kitasa kusogea, gia zimekwisha. Ukisikia mlio dhaifu wa kujikokota, mota inakufa. Usiposikia kitu chochote, usikimbilie kulaumu mota: nyaya za mlango hupita kwenye ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na bodi, na kila unapofungua mlango nyaya hizo hupindwa. Baada ya miaka mingi hukatika hapo hapo. Kuunganisha waya uliokatika si kazi ya elfu kumi na nne. Mwambie fundi aanzie kwenye mpira, na usimame pale akifanya hivyo.

Sasa bei, na hapa ndipo sikubaliani na ushauri ambao karibu kila mtu atakupa, wa kwenda Kirinyaga Road kutafuta kitasa cha mitumba, "ex-Japan". Mimi niliambiwa shilingi 4,500 badala ya 14,000, na inaonekana ni akili. Lakini fikiria mota inahesabu nini. Haihesabu mara ambazo mlango umefunguliwa. Inahesabu mara ambazo gari limefungwa na kufunguliwa kwa rimoti, na kila unapobonyeza, milango yote minne kwa kawaida huitika kwa pamoja. Kwa hiyo usidhani mota ya mlango wa nyuma imepumzika kwa sababu hakuna anayekaa nyuma. Gari likifungwa mara nne kwa siku na kufunguliwa mara nne, hiyo ni misukumo 8. Kwa mwaka ni 2,920. Kwa miaka kumi ni 29,200, na hujaongeza yale magari yanayojifunga yenyewe ukianza kuondoka.

Kile kitasa cha mitumba kimetoka kwenye gari la rika lile lile, kikiwa na misukumo yake elfu ishirini na ushei. Umenunua diski ya seva iliyotumika miaka kumi kuchukua nafasi ya diski iliyokufa baada ya miaka kumi. Kazini ukipendekeza hivyo watakucheka. Na kuna habari mbaya zaidi: ile mota iliyokufa ina ndugu zake watatu waliozaliwa siku moja nayo na kufanya kazi ile ile. Watu wa seva wanalijua hili, diski za kundi moja hupenda kufuatana kaburini.

Ndiyo maana nakataa pia zile 14,000. Ukilipa hiyo kwa mlango mmoja, jiandae kulipa mara nne, na 56,000 kwa ajili ya vitasa ni upuuzi kwa gari la aina yangu. Njia ninayoitetea ni ile ambayo fundi haipendi kwa sababu inamlia muda: fungua boksi, toa mota iliyokufa, weka mota mpya peke yake. Mimi nilipata mota kwa shilingi 600 moja, na fundi mwingine, kijana mwenye subira, alikubali 2,500 za kazi. Jumla 3,100, na kilichokuwa kimechakaa sasa ni kipya. Nilinunua mbili, ya pili iko kwenye droo ikimsubiri ndugu atakayefuata. Njia hii haifai kama gia zenyewe zimevunjika au boksi imepasuka. Hapo utanunua kitu kizima, na bora kiwe kipya.

Kama utakubali kazi hiyo ifanywe, angalia jambo moja. Chini ya ubao wa ndani wa mlango kuna nailoni iliyobandikwa. Si takataka. Inazuia maji yanayopenya pembeni mwa kioo yasiingie ndani ya gari. Fundi mwenye haraka huichana na kuitupa, halafu msimu wa mvua unaanza kujiuliza kapeti linanuka nini.

Mlango wa dereva una sheria yake mwenyewe. Katika magari mengi ndio pekee wenye tundu la ufunguo, na siku betri ya gari itakapokufa kabisa, tundu hilo ndilo litakalokuingiza. Kwa kuwa sote tunatumia rimoti, tundu hilo linaweza kukaa miaka mitano bila kuguswa, likila vumbi. Ni kama nakala ya akiba ya data ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha: huna nakala, una matumaini. Jaribu ufunguo wako leo jioni. Ukizunguka kwa shida, rekebisha hicho kabla ya mota yoyote.

Kuna wanaosema kwamba kutengeneza vitasa ni kupoteza pesa kwa sababu wezi wa siku hizi hawagusi kitasa, wanazuia mawimbi ya rimoti. Ni kweli wanaweza. Mwaka wa 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama wa tarakilishi kutoka Marekani, alionyesha kifaa kidogo kilichogharimu kama dola 32 ambacho huzuia ishara ya rimoti na kuihifadhi itumike baadaye, hata kwa rimoti zinazobadilisha msimbo kila unapobonyeza. Lakini dawa ya yule mwizi wa kawaida anayezuia mawimbi ili gari libaki wazi ni ya bure: vuta mkono wa mlango kabla ya kuondoka. Vuta wa nyuma pia. Na mtu anayevuta milango yote minne kila mara anahitaji vitasa vinavyofanya kazi kila mara, la sivyo atachoka wiki ya pili na kuacha.

Mimi ningekataa kulipa katika hali moja tu: mlango unafunga na kufunguka vizuri kwa mkono, wewe ndiwe dereva pekee, na unapanga kuliuza gari mwaka huu. Mnunuzi atakuja na fundi wake, fundi atabonyeza rimoti, na mlango mmoja utakaa kimya. Mwambie mapema kabla hajabonyeza. Atakukata elfu tatu au nne, na akiugundua mwenyewe atakukata ishirini, kwa sababu ataanza kujiuliza umeficha nini kingine.