Mbuzi wa Maskini, Fisi wa Serikali



Katika nchi yetu ya majani chai, Kericho na Bomet, mijadala ya siasa huhusu zaidi bei ya majani, bonasi na mashamba yaliyotwaliwa na wakoloni. Ni haki iwe hivyo. Lakini kuna dhuluma nyingine ambayo huja usiku, haina chama wala mgombea, nayo humwumiza mwenye mbuzi watano kuliko mwenye ekari mia tano. Fisi huvuka kutoka upande wa Narok na kuingia Chepalungu. Chui hutoka msitu wa Mau Kusini Magharibi, akafuata vichaka vya kandokando ya mito hadi mazizi ya Konoin. Asubuhi mjane hukuta damu na kwato. Mbuzi yule alikuwa karo ya mtoto.

Fisi ni wa nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kitaifa kazi ya kulinda wanyamapori. Anayemwua chui bila idhini hushtakiwa, na adhabu yake ni nzito. Hatupingi jambo hilo. Wanyama hawa walikuwako kabla ya chai kupandwa kwa wingi katika miaka ya 1920, na wazee wetu waliwatambua hata katika koo zao: miongoni mwa Wakalenjin, fisi ni ishara ya ukoo. Tunachokipinga ni hesabu isiyo sawa. Ikiwa mnyama ni wa taifa zima, basi hasara aletayo ni ya taifa zima pia. Haifai watalii na hazina ya serikali wavune faida, naye mwanakijiji abaki na mzoga. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo uhifadhi unavyoonekana mwepesi kwa aliye mbali na zizi.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1989 sheria ya wanyamapori ya 1976 ilirekebishwa, likaundwa shirika la KWS, na katika marekebisho hayo hayo fidia ya mifugo na mazao ikafutwa. Bunge lile lilikuwa la chama kimoja. Kifungu cha 2A kilichokataza vyama vingine kilifutwa Desemba 1991, lakini fidia haikurudi na vyama vingi. Ilibidi kungoja hadi Sheria Namba 47 ya 2013, miaka 24 tangu ifutwe. Hapo pana funzo kwa kila mpenda mageuzi: kura peke yake haimrudishii maskini mbuzi wake. Sharti adai.

Sheria hiyo ya 2013 yasemaje? Kifungu cha 25 kinampa haki ya fidia mtu aliyepoteza mifugo kwa wanyama walioorodheshwa, na chui na fisi wamo. Madai hupelekwa kwa Kamati ya Kaunti ya Uhifadhi na Fidia ya Wanyamapori, ambayo huyahakiki na kuyafikisha kwa KWS. Malipo hufuata bei ya soko. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika muda wa siku 30 mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Kericho.

Maneno ni mazuri, lakini yana mlango wa nyuma. Kifungu hicho hicho chasema hakuna fidia kwa mwenye mifugo ambaye hakuchukua hatua zinazofaa kuilinda. Sharti lenyewe si baya. Ubaya huja pale ambapo kipimo cha hatua zinazofaa hakijatangazwa. Je, ua wa miiba watosha? Ukuta wa mbao je? Mjane ajuaje kabla ya kuliwa mbuzi wake? Kipimo kikibaki kichwani mwa afisa, haki hugeuka hisani. Sisi twasema kamati za kaunti zote mbili zitangaze kipimo hicho barazani, kwa Kiswahili na Kikipsigis, na kisimdai maskini asichoweza kujenga.

Tena, Ibara ya 47 ya Katiba yamhakikishia kila mtu uamuzi wa kiserikali ulio wa haraka na wa haki, na aliyeathirika ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Anayeambiwa “rudi wiki ijayo” aombe jibu la barua. Barua hiyo ndiyo msingi wa rufaa yake.

Nasi wananchi tunao wajibu. Kwanza, tuache sumu. Dawa ya wadudu iitwayo Furadan iliwahi kutumiwa nchini kutegea simba na fisi kwa mizoga. Sumu haichagui. Humwua tai na mbwa wa jirani, na huweza kumfikia mtoto. Aitegaye huwa amejitia hatiani, naye hawezi tena kusimama mbele ya kamati na mikono safi.

Pili, tuimarishe mazizi. Kijana Richard Turere wa Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alibuni taa za kumweka zinazowafukuza simba usiku, na ubunifu wake ukajulikana duniani mwaka 2013. Huko Mbirikani, Kajiado, hazina ya fidia iliyoanzishwa mwaka 2003 huwalipa wafugaji, lakini hupunguza malipo ya mwenye zizi bovu. Hata Marekani, mbwa mwitu waliporudishwa Yellowstone mwaka 1995, shirika la Defenders of Wildlife lilikuwa likiwalipa wafugaji wa eneo la kaskazini mwa Milima ya Rocky tangu 1987. Jambo hili lawezekana. Na kwa kuwa ufugaji ni kazi ya serikali za kaunti, wawakilishi wa wadi watenge fedha za waya na nguzo.

Tatu, tutunze ushahidi. Sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 22, ilimtaka mchungaji wa mifugo ya mwenzake alete mabaki ya mnyama aliyeraruliwa yawe ushahidi. Kamati nayo huhitaji ushahidi. Usiuondoe mzoga kabla haujaonekana. Chui huuma koo na huenda akauburuta mzoga hadi kichakani au juu ya mti. Fisi hula hata ngozi na mifupa. Mbwa wazururao huacha majeraha mengi miguuni. Piga picha, mwite mzee wa kijiji na daktari wa mifugo, toa taarifa kwa KWS siku hiyo hiyo, na ubaki na nakala ya fomu.

Twaziomba parokia na vikundi vya haki vya Kericho na Bomet vifungue daftari moja kila kanisa: tarehe, mnyama, hasara, siku ya kupeleka madai, siku ya kujibiwa. Mwisho wa mwaka, madaftari hayo yasomwe hadharani mbele ya kamati na wabunge. Mtu mmoja mwenye fomu hupuuzwa kwa urahisi. Vijiji hamsini vyenye daftari vitajibiwa.