Msimu unaovuka mwaka
Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi ya kutafuta bei za msimu kwenye kanzidata, ila mfano wako wa msimu wa Juni hadi Agosti ni mwepesi mno. Jaribu bei za sikukuu za hoteli za Zanzibar, 20 Desemba hadi 5 Januari. Ukigeuza tarehe kuwa namba, mwezi kwanza kisha siku, unapata 1220 na 105. Hakuna namba inayozidi 1220 huku ikiwa chini ya 105, basi kanzidata inakurudishia orodha tupu, wala hailalamiki! Mwanzo ukizidi mwisho, badili "na" ya sharti la utafutaji iwe "au": kuanzia 1220 kwenda juu, au 105 kushuka. Februari 29 haisumbui, ni 229 tu. Msimu wa Ramadhani ndio hauingii katika mbinu hii. Kila mwaka unawahi kwa siku 10 au 11 hivi. Uwekee jedwali lake, lenye tarehe kamili za kila mwaka.