WAYA MOJA AO WAYA MBILI?

Ulizo la mwezi huu ni hili: kinanda chetu kiko na matundu mawili kwa nyuma. Moja limeandikwa L/MONO, lingine R. Ampli yetu iko na fasi moja tu ya kuingiza kinanda. Tufanye namna gani? Tupige stereo ao mono?

Wengine watasema: "Pasta, ile ni mambo ya mafundi." Hapana. Kinanda cha kanisa kinanunuliwa na feza ya watu. Mama anayeuza ndizi sokoni anatoa yake, baba anayetoka kazi ya usiku mgodini anatoa yake. Basi inafaa tujue kukitumia. Kuna makorale ambayo yanaanza kukusanya feza ya kinanda kingine, yanasema kile cha kwanza "kimekufa nusu". Na kijana mwenye kukipiga anasemwa kwamba yeye njo alikiharibu. Kumbe kinanda ni kizima. Jaki imeingizwa ku tundu la R peke yake, basi.

Tuanze na maana. Mono ni sauti moja inayopita njia moja. Stereo ni sauti mbili, ya kushoto na ya kuume, kila moja na njia yake na bafle yake. Fundi mmoja wa Uingereza, Alan Blumlein, aliomba hati ya uvumbuzi wa jambo hili katika mwaka 1931. Lakini hata vinanda vikubwa havikuwa vyote na stereo. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyojulikana dunia nzima, ilikuwa na tundu moja tu la kupeleka sauti ku ampli, na watu waliimba nayo. Usione haya juu ya mono.

Katika vinanda vingi vya leo, sauti ya piano imetengenezwa kwa stereo. Mara mingi noti nzito zinasikika zaidi kushoto, noti nyembamba zaidi kuume, sawasawa anavyozisikia mtu aliyekaa mbele ya piano. Ukitia jaki ku R peke yake, noti nzito zinafifia. Lakini ukitia ku L/MONO peke yake, na R ikabaki wazi, kinanda chenyewe kinachanganya sauti zote mbili na kuzipeleka pamoja. Ile njo kazi ya neno MONO pale nyuma.

Angalia sana hapa: haitoshi kuchomoa kable ya R kule ku ampli. Uichomoe ku kinanda vilevile. Jaki ikibaki ndani ya R, kinanda kinafikiri muko katika stereo, na L itatoa nusu tu.

Sasa, kama muko na mikseri na bafle mbili? Munaweza kutia L katika njia moja na R katika nyingine, kisha kugeuza kifungo cha PAN, moja kushoto, moja kuume. Lakini mbele ya kufanya vile, tazama kanisa lenu. Kama bafle zinaachana metre 10, mama aliyekaa karibu na ile ya kushoto atasikia kushoto tu. Sauti inatembea karibu metre 340 kwa sekunde. Ile ya mbali inachelewa kidogo, na sikio lake linafuata ile ya karibu. Mama yule ametoa feza ya kinanda kizima, anasikia nusu. Kwa hiyo kanisani mono ni nzuri zaidi kwa wote. Ao basi, musigeuze PAN mpaka mwisho. Stereo muiweke kwa nyumba, kwa kaske ya masikio, na kwa kurekodi.

Mono nayo iko na bei yake. Piano zingine, sauti mbili zikichanganywa zinapigana, na piano inalia sawasawa kopo. Ukisikia vile, chagua piano nyingine katika kinanda hichohicho. Vingine viko na piano iliyotengenezwa kwa mono.

Na vile vinanda vidogo vyenye tundu la kaske peke yake? Tundu moja lile linabeba sauti mbili. Jaki ya mono ndani yake inagusisha upande wa kuume na chuma cha jaki, na inaweza kuumiza kinanda. Na kable yenye jaki ya stereo ku mwisho zote mbili, ukiitia katika mikseri, mara mingi mikseri inatoa sauti moja ndani ya ingine: ngoma na besi zinapotea, inabaki sauti ya maji maji. Tafuta kable yenye jaki moja ya stereo upande huu, na jaki mbili za mono upande ule. Zile mbili uzitie katika njia mbili za mikseri, na uanze na sauti ya chini.

Neno juu ya umeme wetu: washa kinanda kwanza, kisha mikseri, ampli mwisho. Kuzima, anza na ampli. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kimbilia ampli, uizime mbele ya umeme kurudi.

Siku ya mazoezi, mufanye hivi. Mmoja apige noti nzito kabisa, kisha nyembamba kabisa. Mwingine atembee tangu mbele mpaka benchi la wamama kule nyuma. Zote mbili zikisikika kila fasi, kazi imekwisha. Feza muliyokusanya, nunueni kable nzuri. Na kama kuna kijana muliyemhukumu juu ya kinanda, mumwite, mumwambie mbele ya wenzake kwamba hakuharibu kitu.