Tuzo za Filamu za Wanyamapori Zivuke Feri

Kwa Mwenyekiti na Bodi,
Tume ya Filamu ya Kenya,
Nairobi.

Nakala: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mwalimu, na ni mlezi wa klabu ya wanyamapori katika shule moja huku Mtongwe, Likoni. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua ya bahasha husomwa na karani mmoja, ikapigwa muhuri, ikalala.

Ombi langu ni hili. Tume ianzishe tuzo ya filamu za wanyamapori na uhifadhi, yenye mashindano yake na jopo lake, isiwe kipengele cha kupitishwa haraka haraka usiku wa tuzo za Kalasha. Na tuzo hiyo isitolewe Nairobi, wala kwenye hoteli ya ufuoni. Ije huku ng'ambo ya kisiwa: Likoni, Kisauni, Changamwe. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na maji.

Sehemu ya maji ya bomba yanayofika Mombasa, siku yanapofika, hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha milima ya Chyulu, ikanywewa na mawe ya volkano, ikachujika chini kwa chini, ikaja kububujika Mzima ikiwa safi kiasi cha kumwona kiboko akitembea chini majini. Bomba la kuyaleta maji hayo pwani lilijengwa miaka ya 1950. Katika chemchemi hizo hizo watengenezaji filamu Alan na Joan Root walipiga mbizi wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni, wakatoa filamu ya Mzima: Portrait of a Spring. Waliporudi baadaye, kiboko aliwageuka: jino lake lilipasua barakoa ya Joan usoni, kisha akamng'ata Alan mguu. Miaka ikapita, wakaja Mark Deeble na Victoria Stone, wakapiga kambi papo hapo, wakatoa Mzima: Haunt of the Riverhorse. Filamu hizo zimetazamwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawatakunywa tone la maji hayo maishani mwao.

Sasa shuka Chaani, Changamwe, asubuhi ambayo mabomba yamekauka. Utamkuta mama amesimama mlangoni akisubiri mkokoteni wenye mitungi ya lita 20, na bei ya leo si ya jana. Mtajie Mzima, atakuambia habari za mgao na bili. Hajaonyeshwa kiboko wala mkuyu wa pale. Hakuna aliyemwambia kwamba miti ya Chyulu ikikatwa kwa makaa, atakayekosa maji ya kuoga ni yeye. Na filamu ya kumwambia ipo! Ilishatengenezwa, ikasifiwa, ikafungiwa kabatini. Mimi tangu utoto wangu sijasikia hata siku moja kwamba imeonyeshwa Changamwe.

Mheshimiwa, wenzetu wana tuzo zao za filamu hizi, na wanazo kwa muda mrefu. Missoula, Marekani, tamasha la filamu za wanyamapori lilianza 1977. Bristol, Uingereza, ambako ndiko BBC huandalia vipindi vyake vya viumbe, Wildscreen ilianza 1982 na tuzo zake huitwa Panda. Jackson Wild, kule Wyoming, ilianza 1991. Kenya imekuwa kiwanja cha kazi nyingi zinazoshindania heshima hizo. Filamu ya Alan Root kuhusu mchwa na kichuguu chao, Mysterious Castles of Clay, iliteuliwa kuwania Oscar. The Queen of Trees, ya mkuyu na nyigu mdogo asiyefika ukubwa wa punje ya mchele, ilipata tuzo ya Peabody. Sina chuki na tuzo hizo. Zimewafundisha wapigapicha subira, na zimewapa sababu ya kukaa miaka miwili mahali pamoja wakingoja mnyama afanye jambo lake bila kusukumwa.

Ingawa kusukumwa nako kumewahi kutuzwa. Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa White Wilderness, ikashinda Oscar. Ndani yake wanaonekana panya wadogo wa nchi za baridi wakijirusha majini kwa wingi, kana kwamba wamekusudia kufa. Baadaye ikabainika kwamba panya hao walinunuliwa, wakapelekwa Alberta, Kanada, mahali ambapo si kwao, wakasukumwa na watu wenyewe wa kamera. Walioketi kuitazama na kuipa zawadi hawakung'amua. Mzee mmoja wa Kiinuiti, mwenyeji wa nchi hizo za baridi, angelikuwamo katika lile jopo, nadhani angelicheka kabla ya filamu kufika nusu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Jopo la tuzo yetu liwe na wataalamu wa kamera na wa sayansi, naam. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapo Mkomani, watu wake hawahitaji hata nauli ya ndege. Lakini liwe pia na mvuvi wa Likoni, mlinzi wa mikoko wa Port Reitz, na mama anayeshika pweza maji yakitoka. Nimeona kazi yao. Kuna jioni niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya matumbawe, shuka imetundikwa ukutani, sauti ni ya Kiingereza, mimi natafsiri. Wazee wawili wa gati walikuja kuchungulia dirishani. Alipotokea pono usiku amejifunika utando wa ute wake mwenyewe, mmoja akaingia ndani bila kubisha, akaeleza darasa zima jinsi ute ule unavyoshika mkononi ukimtoa pono mwambani usiku wa giza, na kwa nini wenye mikuki na tochi humwonea. Watoto walikuwa wamezoea kuambiwa wana usingizi wa pono. Siku hiyo waliuona. Yule mzee alisema dakika tano, na katika dakika hizo hakuna aliyeitazama ile shuka.

Pweza naye ana kisa. Mwaka 2021 My Octopus Teacher, ya Afrika Kusini, ilishinda Oscar, na dunia ikashangaa kwamba pweza ana akili. Huku kwetu wengi tulimjua kwa supu yake. Lakini waulize kina mama wanaoenda mwambani wakati wa bamvua kubwa. Watakuonyesha pango lake kwa maganda ya chaza na kaa aliyoyatupa mlangoni baada ya kula, na watakuambia yuko ndani au katoka. Elimu ile aliyoipata Craig Foster wa filamu hiyo kwa kuzamia kila siku katika maji ya baridi, wao wanayo, ila hawana kamera. Tuzo ingekuwa sababu ya mtu kuwatafuta.

Kisauni nayo nisiisahau, maana hadithi ya wanyama iliyotoka Mombasa ikazunguka dunia nzima ilitoka huko. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilimkuta mtoto wa kiboko baharini karibu na Malindi, ametenganishwa na mamaye. Wavuvi, wakazi na askari wa wanyamapori walimtoa kwa nyavu, akaletwa Haller Park, Bamburi, akamganda kobe mkubwa mwenye umri wa miaka 130 hivi. Owen na Mzee. Picha alizipiga Peter Greste, na kitabu cha 2006 Paula Kahumbu alikuwa mmoja wa waandishi wake. Ndiye aliyekuwa akisimamia mbuga ile ya Bamburi wakati huo, na ndiye huyu ambaye 2019 alianzisha Wildlife Warriors kwenye runinga ya Citizen, kipindi cha Wakenya kuhusu wanyama wa Kenya. Kiboko alipewa jina la mmoja wa waliomkamata. Pita leo Kisauni uulize waliotoa nyavu zao zikararuka walikuwa kina nani.

Na mbuga yenyewe ina filamu kubwa zaidi ndani yake kuliko hata ile ya kiboko. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya saruji, mahali penye jiwe tupu na jua. Mvinje ilishika. Majani yake yakadondoka, lakini hayakuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Waliotengeneza udongo ni majongoo: waliletwa, wakayala yale majani makavu, mavi yao yakawa rutuba, msitu ukasimama. Jongoo hana sura ya kuuza kalenda. Ndiyo maana nataka tuzo yenye kipengele cha viumbe wasiopendwa, ambapo jongoo, kunguru na kaa wa mikoko wasishindanishwe na simba. Mombasa Magharibi hakuna simba. Kuna mikoko ya Port Reitz iliyomwagiwa mafuta ya meli 2005, na kuna Makupa, ambako daraja jipya la 2022 limeyafungulia maji njia iliyozibwa tangu enzi za mkoloni. Nani anapiga picha kinachorudi pale?

Kuhusu uhifadhi, msiwaondoe watu kwenye fremu. Owino Uhuru, upande wa Mikindani, madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri yaliingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, mwanaharakati aliyewapigania wakazi hao, alipewa Tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Mahakama ya Mombasa ilitoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaivuruga, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Filamu inayofuata jambo la namna hiyo kwa miaka kumi ni filamu ya mazingira, hata kama hakuna ndege anayeruka ndani yake.

Nije kwenye masharti, ambayo ndiyo yatakayowaudhi baadhi ya watayarishaji. Filamu isikubaliwe kushindana kama haina toleo la Kiswahili, lililosimuliwa vizuri, si maandishi ya kukimbia chini ya kioo. Msiniambie hakuna watazamaji. Vibanda vya video vya Likoni hujaa watu kumsikiliza DJ Afro akisimulia sinema za Wachina na Wahindi. Watu wetu wanapenda kusimuliwa, na wanajua msimulizi mzuri na mbaya. Filamu ya India The Elephant Whisperers ilizungumza Kitamil, lugha ya huko, na ikachukua Oscar 2023.

Sharti la pili ni majina. Jirani yangu ni nahodha. Miaka kadhaa iliyopita alichukua kikundi cha wapigapicha hadi miamba anayoijua yeye, akawangojea kasa, akawapikia mashuani. Filamu ilipotoka nilimtafutia nikamwonyesha. Tulingoja majina hadi ya mwisho kabisa, ya mhasibu na ya aliyeleta chakula studio. Lake halimo. Hakusema kitu, aliuliza tu kama kuna sehemu ya pili. Kwa hiyo: anayetaka tuzo ataje nahodha, mpiga mbizi, mfuatilia nyayo, mwenye shamba, na aeleze wamelipwaje.

Sharti la tatu ni onyesho. Kila filamu iliyofika fainali ionyeshwe bure, usiku, nje, angalau mara moja Likoni, mara moja Kisauni, mara moja Changamwe, kabla ya jopo kukaa. Hili si jipya. Tamasha la Zanzibar, ZIFF, pamoja na Jahazi lake la Dhahabu kule Ngome Kongwe, limewahi kupeleka sinema hadi vijijini Unguja na Pemba. Sisi hata Likoni ambayo ni mji hatuna ukumbi. Anayetaka sinema ya kioo kikubwa avuke feri, avuke kisiwa kizima, aende Nyali, kisha arudi usiku.

Fedha mtazitafuta, hiyo ni kazi yenu. Neno moja tu: kampuni inayomwaga uchafu katika hori ya Port Reitz au ya Tudor isipewe nafasi ya kubandika jina lake juu ya kombe. Tuzo ya mazingira isigeuke sabuni.

Na kibali. Kijana wa Bamburi anayetaka kupiga picha ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986 mlangoni kwao, anapaswa kupita ofisi ya filamu, ofisi ya KWS, na kama ana droni, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Wekeni meza moja hapa Mombasa, na mwanafunzi asilipishwe.

Mkikubali, msipange onyesho la Likoni Jumamosi yenye mechi ya Arsenal, wala siku za bamvua kubwa, kwa sababu wale ninaotaka wakae kwenye jopo watakuwa mwambani. Uwanja wa Mtongwe upo. Umeme ukikatika, jenereta tutaiazima msikitini. Nimeshamuuliza katibu, amesema mafuta tuje nayo.

Wako katika kazi,
Mwalimu mlezi wa klabu ya wanyamapori,
Mtongwe, Likoni.