MAONI: Mtoto aliyeacha daftari Djugu atajifunza pembe namna gani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika eneo moja la wakimbizi wa ndani hapa Bunia, natafuta habari za maji kwa ajili ya matangazo ya jioni. Habari za maji nilizipata. Lakini iliyonifuata mpaka nyumbani ni nyingine.

Mbele ya hema, kijana mmoja wa sekondari, aliyetoka upande wa Djugu, alikuwa anaandika juu ya kipande cha karatoni. Nikamuuliza anaandika nini.

« Ni jeometri, papa. Tulikuwa tumefika kwenye pembe mbili mbili, tukakimbia. Daftari lilibaki kule. Sasa nakumbuka majina tu. »

Na kweli, majina aliyajua. Alinitajia suplementeri, komplementeri, alterni-interni, yote bila kukosa. Nikachora mistari miwili iliyokatana, nikaandika 70 ndani ya pembe moja, nikamwomba anipe hizo tatu zilizobaki. Akatazama karatoni muda mrefu, kisha akasema: « Hiyo ilikuwa kwenye ukurasa mwingine. »

Ndugu wasomaji, kijana huyu hana kosa. Vita ilimnyang'anya daftari, ndiyo, lakini sisi tulimfundisha namna ambayo daftari likipotea, kila kitu kimepotea. Mwalimu anaingia, anaandika sharti kwa Kifaransa ubaoni, anachora picha moja, watoto wanakopi, na siku ya mtihani wanarudisha maneno yaleyale. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Nilipata pointi nzuri sana, na sikuelewa kitu. Simlaumu mwalimu anayebeba darasa lililojaa kupita kiasi, na mshahara wake unachelewa. Nasema tu kwamba njia hii inawaumiza zaidi watoto wanaohamahama.

Maana ukitazama vizuri, cha kukariri ni kidogo mno. Mstari ulionyooka una digri 180. Basi. Kama pembe moja ni 70, jirani yake kwenye mstari huohuo ni 110, kwa sababu zote mbili zinajaza mstari. Hizo ndizo vitabu vinaziita suplementeri. Sasa chukua ile 110: nayo imelala juu ya mstari wa pili, na jirani yake mwingine lazima ajaze 180 pia. Kwa hiyo ni 70. Ndiyo sababu pembe zinazotazamana kwenye ncha zinalingana. Euclid, yule Mgiriki wa karibu mwaka 300 kabla ya Yesu Kristo, alilithibitisha jambo hili katika kitabu chake cha kwanza, na hakuhitaji hata hesabu ya digri. Mtoto aliyeelewa hatua hizo mbili anaweza kukimbia usiku bila daftari na asubuhi akaziandika upya kwa kijiti ndani ya mavumbi.

Kifaa cha kupimia pembe hakipo? Tukunje karatasi, hata iliyochanika. Mkunjo wa kwanza unatoa mstari ulionyooka. Ukikunja tena, mkunjo ule ukalala juu yake wenyewe, unapata digri 90. Mara nyingine tena, 45. Hakuna shirika linalopaswa kutuletea hiyo.

Na kuna jambo lingine ambalo watoto wetu wanaliona kila siku. Wanaume wanapojenga kibanda, wanasimamisha nguzo mbili, kisha wanapigilia mti wa mshazari kati yao, kutoka chini ya nguzo moja mpaka juu ya nyingine. Fundi anakata ncha zote mbili za mti ule kwa pembe moja. Kwa nini? Kwa sababu nguzo ziko sambamba, na pembe ya chini upande huu inalingana na pembe ya juu upande ule. Hizo ndizo alterni-interni za kijana wangu! Lakini nguzo moja ikiinama, ncha moja inakaa vizuri na nyingine inaacha nafasi. Hapo ndipo mwalimu angesimama muda mrefu, maana wanafunzi wengi wanaona mistari mitatu na wanaandika « zinalingana » bila kuuliza kama mistari miwili iko sambamba. Ubaoni kosa hilo linapita. Kwenye kibanda, mvua italionyesha.

Mti huohuo unafundisha komplementeri. Nguzo ikiwa wima na ardhi ikiwa sawasawa, mti ukifanya 35 na nguzo, na ardhi unafanya 55. Jumla 90. Kwenye mteremko, hesabu hiyo haikubali, na mtoto anaweza kueleza sababu.

Nilipozungumza haya na wazazi, mama mmoja alinipinga: « Baba, egzeta ni kwa Kifaransa. Mukiwaeleza kwa Kiswahili, mutawaangusha. » Hofu yake naielewa, diploma ya Serikali si mchezo. Maneno ya Kifaransa lazima wayajue, na mwalimu asiyaache. Ninachoomba ni kwamba yaje nyuma. Mtoto aone kitu, akieleze katika lugha anayoomba nayo chakula, halafu apewe jina. Kijana wetu alipewa majina kwanza, na tumeona alifika wapi. Wengine wanasema programu ni ndefu, hakuna muda. Lakini muda huohuo tunautumia kila mwaka kurudilia masharti yaleyale kwa watoto walewale.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa hesabu, na maprefe wanaowapokea watoto wa wakimbizi: mtoto mpya akifika, musimwambie kwanza akopi daftari la mwenzake. Muchoreeni mistari miwili, mumpe pembe moja, mumuulize zingine, na kila jibu mumuulize « kwa nini? »

Yule kijana, tuliporudia hatua za 110, alizipata zote. Kisha akachora mstari wa tatu bila mimi kumwambia, akaniuliza kama ukipita pale pale kwenye ncha, pembe ngapi atahitaji kujulishwa. Tulihesabu pamoja: mbili, mradi zisiwe zinazotazamana. Jumamosi hii nitarudi huko, maana bomba bado halijatengenezwa, na ameniomba karatasi.